Kuhesabu Kabla ya Kunyunyiza: Funzo la Mashamba ya Kanola

Kila mwaka, theluji inapokwisha kuyeyuka katika nyanda za Saskatchewan, Alberta na Manitoba nchini Kanada, wakulima wa kanola huenda mashambani na kuinama. Miche ndiyo kwanza inachomoza, kila mmoja ukiwa na majani yake mawili ya kwanza tu. Juu ya majani hayo huonekana matundu madogo ya duara, kana kwamba mtu ameyatoboa kwa sindano. Mwenye kuyatoboa ni mbawakawa mweusi mwenye urefu wa milimita mbili hadi tatu, ambaye akikaribiwa huruka kama kiroboto. Katika siku chache za joto na ukavu, wadudu hao wakiwa wengi, waweza kuiangamiza miche ya shamba zima.

Mkulima aliyeinama ana njia mbili mbele yake. Aweza kurudi nyumbani, akaitayarisha mashine ya kunyunyizia, na kumwaga sumu kabla jua halijatua. Au aweza kubaki shambani, akapita pande zote, akapima ni sehemu gani ya majani imekwisha kuliwa, ndipo akaamua. Njia ya kwanza huonekana kuwa ya bidii. Ya pili huonekana kuwa ya kusitasita. Lakini hiyo ya pili ndiyo ya kisayansi, na ndiyo yenye faida zaidi kwa mfuko wa mkulima mwenyewe. Historia ya zao la kanola imekwisha kutoa ushahidi wa jambo hilo, na ushahidi huo umepatikana kwa gharama kubwa.

Zao na maadui zake

Asili ya kanola ni rapa, mmea wa mafuta wa jamii moja na kabichi, haradali na sukuma wiki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mafuta ya rapa yalithaminiwa sana kwa kulainishia mitambo ya meli zilizoendeshwa kwa mvuke. Kwa chakula, hata hivyo, yalitiliwa shaka, kwa kuwa yalikuwa na asidi ya eruki kwa wingi. Na mashudu yake hayakuifaa sana mifugo kwa sababu ya kemikali ziitwazo glukosinolati, zile zile zinazoipa haradali ukali wake. Wataalamu wawili wa Kanada, Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba na Keith Downey wa Saskatoon, walitumia miaka mingi kuchagua na kuzalisha mbegu mpaka kasoro hizo mbili zikapungua sana. Mwaka 1974 ilitolewa mbegu ya kwanza yenye sifa zote mbili, iliyoitwa Tower, na mwaka 1978 zao hilo likapewa jina la kanola. Siku hizi Kanada peke yake hulima zaidi ya hekta milioni 8 za kanola.

Mabadiliko hayo yalifanywa katika mbegu. Majani ya mmea yalibaki na ukali wa jamii ya kabichi. Ukali huo huwafukuza wadudu wengi, lakini kwa wadudu wachache ambao kwa vizazi vingi wameishi kwa mimea ya jamii hiyo, harufu yake ni kama harufu ya chakula inayomwita mgeni. Mbawakawa-kiroboto huifuata harufu hiyo hadi shambani. Baada yake huja wengine kwa zamu: nondo mgongo-almasi, ambaye viwavi wake hula majani na maganda, viwavijeshi wa aina ya Bertha, fukusi wa maganda, na vidukari. Katika Ulaya yupo pia mbawakawa-kiroboto wa shina, ambaye funza wake hutoboa vikonyo vya majani na mashina, na mbawakawa wa chavua, ambaye hula matumba ya maua kabla hayajafunguka. Shamba la zao moja, lililotandaa mpaka upeo wa macho, ni karamu kubwa kwa kila mmoja wao.

Sumu na usugu

Haishangazi, basi, kwamba mkulima alikimbilia sumu. Kwa miaka mingi mbegu za kanola nchini Kanada zilipakwa dawa ya lindeni kabla ya kupandwa. Dawa hiyo ilidumu katika udongo, maji na miili ya viumbe, na matumizi yake katika kanola yaliachwa karne hii ilipoanza. Mwaka 2009 lindeni iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kuondoa sumu zinazodumu katika mazingira. Nafasi yake ilikwisha kuchukuliwa na kundi jingine la dawa, neonikotinoidi, ambazo hupakwa kwenye mbegu na kupanda ndani ya mche wote, hata mdudu anayeuma jani akafa. Kwa upande wa dawa za kunyunyiza, zilizoenea zaidi zilikuwa za kundi la pairethroidi, kwa sababu ya urahisi wa bei na wepesi wa kuua.

Hapa yafaa ieleweke vyema maana ya usugu. Mdudu haizoei sumu kama mtu azoeavyo pilipili. Katika mamilioni ya wadudu wa shamba moja, huwapo wachache sana ambao kwa maumbile yao hawadhuriwi na sumu fulani. Dawa inapopita, wengine wote hufa, na wale wachache hubaki peke yao wakiwa na chakula tele na bila mshindani. Watoto wao hurithi kinga ile. Kadiri dawa ile ile inavyorudiwa, ndivyo wale wanaokufa wanavyopungua na wale wasiokufa wanavyoongezeka, mpaka siku moja mkulima ananyunyiza na hakuna kinachokufa isipokuwa wadudu wema. Kwa maneno mengine, kila unyunyizaji ni uchaguzi wa mbegu: kama vile mtaalamu huchagua kanola bora, ndivyo mkulima, bila kukusudia, huchagua wadudu wagumu.

Nondo mgongo-almasi ndiye mfano maarufu kupita wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, alithibitika kuwa sugu kwa DDT, dawa iliyokuwa imesifiwa duniani kote kama mwisho wa wadudu. Alikuwa wa kwanza miongoni mwa wadudu wa mazao kujulikana kuishinda dawa hiyo. Mwaka 1990 ikatangazwa kutoka Hawaii kwamba nondo huyo huyo ameanza kuishinda mashambani hata dawa itokanayo na bakteria aitwaye Bt, ambayo wengi walidhani haiwezi kushindwa.

Katika Ulaya zamu ilikuwa ya mbawakawa wa chavua. Kwa miaka mingi wakulima wa rapa walinyunyiza pairethroidi kila majira ya kuchipua, wengi wakifuata kalenda bila kuangalia idadi ya wadudu. Mwaka 1999 usugu ulionekana Ufaransa. Mwaka 2006 Ujerumani ilivuna matunda ya mazoea hayo: takriban hekta 200,000 za rapa ziliharibiwa na mbawakawa huyo, na kati ya hizo kiasi cha hekta 30,000 hazikubakiza mavuno ya maana. Mashine zilikuwapo, dawa zilikuwapo na fedha zilikuwapo. Kilichokosekana ni mdudu wa kufa.

Mzozo wa Uingereza

Kisa kinachozungumzwa zaidi ni cha Uingereza. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulizuia dawa tatu za kundi la neonikotinoidi kutumiwa katika mazao yanayovutia nyuki, rapa ikiwa mojawapo. Mwaka 2018 zuio likapanuliwa kwa mashamba yote ya nje. Mbegu za rapa zikapandwa bila kinga hiyo. Mwaka 2014 ikagundulika kwamba mbawakawa-kiroboto wa shina wa nchi hiyo amekwisha kuwa sugu kwa pairethroidi, silaha pekee ya maana iliyokuwa imebaki. Mwaka 2015 serikali iliruhusu kwa dharura mbegu zilizopakwa dawa zitumike katika takriban asilimia 5 ya eneo la rapa la Uingereza. Ruhusa hiyo haikubadili mwendo wa mambo. Eneo la rapa nchini humo, ambalo mwaka 2012 lilizidi hekta 700,000, lilikuwa limeshuka mwaka 2021 hadi karibu na hekta 300,000.

Tangu hapo watu wamegawanyika kambi mbili. Kambi moja husema: rudisheni dawa, kwa maana wakulima wameliacha zao na nchi inaagiza mafuta na mbegu kutoka nje, kwingine ambako dawa hizo hizo hutumika. Kambi ya pili husema: dawa zisirudi kamwe, kwa maana nyuki ni wa lazima kuliko zao moja.

Kila kambi ina sehemu ya ukweli. Hasara ya wakulima si hadithi. Aliyepanda mara mbili na mara mbili akaliwa hana sababu ya kutunga. Na madhara kwa nyuki nayo si hadithi. Utafiti uliofanywa Sweden katika mashamba halisi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba karibu na mashamba ya rapa yaliyopandwa mbegu zenye dawa, nyuki wa mwitu walipungua na makundi yao yalidumaa, ingawa makundi ya nyuki wa asali hayakuonyesha tofauti ya wazi. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha Uingereza, Hungaria na Ujerumani, ulipata madhara kwa nyuki wa asali katika nchi mbili za kwanza lakini si katika ya tatu. Sayansi haikusema kwamba kila mahali ni sawa; ilisema kwamba hatari ipo na inategemea mahali.

Pamoja na hayo, kambi zote mbili hushiriki kosa moja. Zote huzungumza kana kwamba swali la pekee ni dawa ipi iruhusiwe na ipi ikatazwe. Swali lililo muhimu zaidi hutangulia hilo: je, katika shamba hili, wiki hii, wadudu hawa wanahitaji kuuawa? Nchi isiyo na desturi ya kujiuliza swali hilo itaimaliza nguvu ya kila dawa itakayoruhusiwa, na itabaki uchi siku dawa hiyo itakapokatazwa au kushindwa. Uingereza iliumia mara mbili: sheria iliiondoa dawa moja, na mazoea ya miaka mingi ya kunyunyiza yakawa yamekwisha kuidhoofisha ya pili.

Elimu ya kuhesabu

Wazo la kuhesabu si geni. Mwaka 1959 wataalamu wanne wa Kalifornia, Stern, Smith, van den Bosch na Hagen, waliandika kwamba mdudu haitwi mharibifu kwa sababu tu ya kuonekana, bali kwa sababu ya idadi. Upo ukomo ambao, wadudu wakiwa chini yake, hasara wanayoileta ni ndogo kuliko gharama ya kuwaua. Kunyunyiza chini ya ukomo huo ni kununua hasara kwa fedha taslimu.

Ukomo huo umepimwa kwa wadudu wa kanola, na tarakimu zake humshangaza asiyezijua. Kwa mbawakawa-kiroboto wa Kanada, mkulima hushauriwa kunyunyiza pale ambapo wastani wa robo ya eneo la majani ya miche umeliwa na wadudu bado wanaendelea kula. Kwa nondo mgongo-almasi, ukomo ni viwavi 100 hadi 150 katika mita moja ya mraba wakati wa mmea kukua na kutoa maua, na viwavi 200 hadi 300 mmea unapokuwa na maganda. Mtu asiye na elimu hiyo akiona viwavi 50 katika hatua moja ya mguu hukimbilia dawa. Kumbe kanola yake ina uwezo wa kuwalisha wote hao na bado ikajaza maghala.

Uwezo huo hutokana na maumbile ya mmea wenyewe. Kanola hutoa maua mengi kuliko maganda itakayoweza kuyakuza. Sehemu kubwa ya maua hupukutika hata pasipokuwa na mdudu. Matumba yakiliwa mapema, mmea hutoa matawi mapya na kufidia. Kwa sababu hiyo, ushauri wa Uingereza kuhusu mbawakawa wa chavua una kanuni ambayo kwanza huonekana kinyume cha akili: shamba lenye mimea michache, yaani pungufu ya 30 katika mita ya mraba, laweza kuvumilia mbawakawa 25 katika kila mmea, ilhali shamba lenye mimea zaidi ya 70 huvumilia 7 tu kwa mmea. Sababu ni kwamba mmea wenye nafasi hutanua matawi na kutoa maua ya ziada, na mmea uliobanwa hauwezi. Aidha, maua yakisha kufunguka mbawakawa huyo huacha kutoboa matumba na kwenda kula chavua iliyo wazi. Wakati huo kumnyunyizia sumu ni kuwaua nyuki bila faida yoyote.

Ni dhahiri kwamba elimu ya namna hii haiwezi kupatikana kwa kutazama shamba kutoka barabarani. Inadai mtu aingie ndani, asimame mahali pengi, ahesabu, aandike, na arudi siku ya pili. Hiyo ni kazi ya mikono na macho, na haina fahari ya mashine.

Wasaidizi wasiolipwa

Faida nyingine ya kuhesabu ni kwamba huwapa nafasi wasaidizi wa mkulima. Nondo mgongo-almasi kwa kawaida hawezi kuvumilia baridi ya Kanada. Kila mwaka hupeperushwa upya na pepo kutoka kusini mwa Marekani na Meksiko. Nyuma yake hufuata nyigu mdogo aitwaye Diadegma, ambaye hutaga mayai yake ndani ya viwavi, na mtoto wa nyigu humla kiwavi kutoka ndani. Viwavijeshi wa Bertha nao hushambuliwa na nyigu wengine, na nzi, na virusi, na kuvu, hata huweza kuongezeka kwa miaka michache kisha wakaporomoka wenyewe. Huko Norfolk, Uingereza, watafiti walitangaza mwaka 2020 kumpata nyigu mdogo mwingine anayemshambulia mbawakawa-kiroboto wa shina, yule yule aliyeshinda pairethroidi.

Wasaidizi hao ni dhaifu mbele ya sumu kuliko wadudu wanaowawinda. Wengine ni dhaifu hata mbele ya jembe la trekta. Nyigu wanaomshambulia mbawakawa wa chavua hupitisha majira ya baridi ndani ya udongo wa shamba la rapa lililovunwa. Udongo huo ukipinduliwa kwa plau, wengi wao hawatoki tena. Mkulima anayepanda ngano katika mabua ya rapa bila kulima kwa kina huwa amehifadhi jeshi lake la mwaka ujao. Vilevile nchini Kanada imeonekana kwamba mashamba yasiyopinduliwa udongo hushambuliwa kidogo zaidi na mbawakawa-kiroboto, na kwamba mbegu kubwa na nene hutoa miche yenye nguvu inayoweza kuvumilia kuumwa. Watafiti wa Uingereza wameonyesha pia kwamba kamba ya mmea mwingine wa jamii hiyo, unaotangulia kutoa maua, ikipandwa kuzunguka shamba la rapa, huwavuta mbawakawa wa chavua na kuwazuia pembezoni. Hakuna hata moja kati ya njia hizi litoshalo peke yake. Zikiunganishwa, hupunguza siku ambazo mkulima hulazimika kuigusa sumu.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaouliza: je, usipoziba ufa hutajenga ukuta? Methali hiyo ni ya kweli, lakini humtaka mtu kwanza auone ufa. Anayepaka udongo ukuta mzima kila wiki kwa kuhofia ufa ambao hajauona, siku ufa utakapotokea atakuwa hana udongo tena.

Hoja nzito zaidi ni ya mbawakawa-kiroboto. Mdudu huyo ni mwepesi mno. Mkulima mwenye mamia ya hekta, aliyechelewa siku mbili, aweza kukuta miche imekwisha. Ndiyo sababu karibu mbegu zote za kanola zinazouzwa Kanada huuzwa zikiwa zimepakwa dawa tayari. Hapana budi kukiri kwamba hapa kuhesabu peke yake hakutoshi. Lakini pia hapana budi kuona kasoro iliyopo: uamuzi wa kutumia sumu hufanywa wakati wa baridi, kiwandani, kabla mdudu hata mmoja hajaonekana, kwa shamba litakaloshambuliwa na kwa lile ambalo halitashambuliwa. Lililo la haki ni kwamba mkulima aweze kununua mbegu isiyopakwa dawa anapoitaka, na kwamba apewe taarifa za wilaya yake zinazoonyesha mwaka uliopita wadudu walikuwa wangapi, ili anayepanda mahali penye hatari ndogo asilazimishwe kulipia kinga ya mahali penye hatari kubwa.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mkulima mmoja na kuwa la taifa. Katika majimbo ya kanola ya Kanada hutegwa kila mwaka mitego yenye harufu ya nondo jike wa viwavijeshi wa Bertha. Nondo dume hunaswa, idadi yao hujumlishwa, na ramani hutangazwa kwa wakulima wiki kadhaa kabla viwavi hawajawa wakubwa. Kazi hiyo ni ya gharama ndogo ikilinganishwa na sumu inayookolewa. Yapasa ihesabiwe kuwa huduma ya umma, kama vile utabiri wa hali ya hewa. Kuiacha mikononi mwa wanaouza dawa pekee hakufai, si kwa sababu wao ni watu wabaya, bali kwa sababu anayelipwa kwa kila chupa iliyouzwa hawezi kutazamiwa kushangilia shamba lisilohitaji chupa.

Nondo yule yule

Msomaji wa Afrika ya Mashariki aweza kudhani kwamba hayo yote ni mambo ya nchi za theluji. Ni kweli kwamba kanola hulimwa hapa kwa uchache, kama vile katika mashamba ya Timau, chini ya Mlima Kenya, ambako huzungushwa na ngano na shayiri. Lakini nondo mgongo-almasi hana haja ya paspoti. Ndiye yule yule anayetoboa kabichi na sukuma wiki za milimani, na kwa wakulima wengi dawa yake ni bomba la mgongoni, siku ile ile ya kila wiki, wadudu wawepo wasiwepo.

Funzo limekwisha kutolewa hapa hapa. Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 chini ya uongozi wa Profesa Thomas Odhiambo, kilileta kutoka Taiwan nyigu wa ukoo ule ule wa Diadegma na kuwaachilia katika milima ya Taita na nyanda za kati za Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadaye nyigu hao walifikishwa pia Tanzania na Uganda. Walistawi katika maeneo ya baridi, na nondo akapungua. Hata hivyo, nyigu huyo hawezi kuishi katika shamba linalonyunyiziwa kwa kalenda. Mkulima mmoja anayenyunyiza ovyo huwaua wasaidizi wa majirani zake wote, na kisha wote kwa pamoja hulazimika kununua dawa zaidi.

Kwa hiyo bwana shamba anayemfundisha mkulima wa kabichi kuchagua mimea michache kila upande wa shamba, kugeuza majani, kuhesabu viwavi na kuandika tarakimu katika daftari, hamfundishi jambo dogo. Anamfundisha jambo ambalo Ujerumani ililijifunza mwaka 2006 kwa kupoteza maelfu ya hekta, na ambalo Uingereza ingali inalilipia. Sumu ni akiba. Kila inapotumiwa pasipo haja hupungua nguvu, na haipungui kwa aliyeitumia peke yake, bali kwa wilaya nzima na kwa watoto watakaorithi mashamba hayo. Daftari na penseli ni bei ndogo ya kuilinda.